Nimealikwa harusi ya kijijini Enshi, Hubei, na naambiwa kuna "kulia". Wenye uzoefu naomba msaada

Mpemba_Wuhan ameandika:

Assalaam alaykum ndugu zangu, na habari za jioni kwa wengine.

Niko Wuhan nasoma. Kuna rafiki yangu tunafanya naye kazi maabara moja, kijana wa kabila la Tujia, kwao wanamuoza dada yake. Harusi iko kijijini Enshi, magharibi kabisa ya jimbo la Hubei, siku chache kabla ya mwaka mpya wa Kichina. Harusi ya mjini nimeshahudhuria: ukumbi wa hoteli, mshereheshaji anapiga kelele, bibi harusi anabadilisha magauni, tunakula, kila mtu kwake. Ya huyu naambiwa haifanani na hiyo hata kidogo. Kanitumia ujumbe kwamba nisikose kufika siku moja kabla kwa sababu usiku ule "dada atalia". Nikamuuliza nani kafiwa, akacheka mpaka akashindwa kunijibu.

Sasa nataka kujua hiyo habari ya kulia ni nini, bahasha niweke kiasi gani (mimi ni mwanafunzi, msinifikirie makubwa), na nivae nini. Nina kanzu nyeupe nzuri sana, mama kanitumia kutoka Wete, nilitaka niing'arishe siku hiyo. Halafu mimi sili nguruwe wala sinywi, na nasikia milimani huko ndiyo mambo yenyewe.

Aliyewahi kufika tafadhali.

---

Mombasa_Guangzhou:

Bahasha nyekundu, noti mpya, basi. Huku Guangdong haituumizi, mgeni anaweka kidogo tu, na mara nyingi mwenye shughuli anakunja pembe ya bahasha anakurudishia na pesa yako ndani. Anachotaka ni baraka, si hela. Ila Hubei si Guangdong, huko wanapokea na wanaandika. Usije ukatoa kwa hesabu za huku halafu jina lako likasomwa kwenye daftari.

Kanzu nyeupe iache Wuhan. Nyeupe kwao ni msiba.

---

BintiTanga_Lichuan:

Kaka, mimi nimeolewa Lichuan, hukohuko Enshi, kwa hiyo sisimulii ya kusikia. Mama yangu yuko Tanga, mama mkwe wangu yuko mlimani kwenye mahindi na viazi. Nitakwambia nilivyoyaona. Ukivuka bonde la pili utakuta wamebadilisha mawili matatu, usije ukarudi hapa kusema nilikudanganya.

Huko kulia wanakuita kujia. Si kilio cha machozi tu, ni nyimbo zenye beti na vina, analia mwari kabla hajatoka kwao. Zamani walianza siku tatu kabla, wengine saba, wengine nusu mwezi, na wapo waliofika mwezi mzima, kila jioni baada ya kazi. Anamlilia mama, mama anamjibu kwa ubeti. Anamlilia baba, kaka, wifi, shangazi, mjomba. Analilia hata kuchanwa nywele zake, maana siku hiyo zinafungwa kama za mke wa mtu. Msichana alijifunza angali mdogo, akikaa pembeni dada zake wakubwa wakilia. Aliyefika siku yake hajui kulia, kijiji kilimcheka na mama yake akaonekana hakulea.

Siku hizi usitegemee mwezi mzima. Wasichana wa huko wako viwandani Guangdong na Zhejiang, wanarudi wiki moja kabla na masanduku yao, hizo beti wajifunze saa ngapi? Ndiyo maana harusi zenyewe zinarundikana mwisho wa mwaka wao, wakati watu wamerudi nyumbani. Utakachokuta ni usiku mmoja, na wanaolia vizuri ni mabibi. Mwari ataanza, atasahau, atacheka, bibi atamalizia. Mjini wanayaweka jukwaani kwa ajili ya watalii, na ukiyaona kule utadhani umeyaona. Wewe umeitwa nyumbani kwa mwari mwenyewe, usiku wenyewe. Siku ya karamu unaweza hata kuchelewa, usiku huo usichelewe.

Meza inawekwa katikati ya sebule ya mababu. Wasichana tisa ambao hawajaolewa wanakaa, mwari ni wa kumi. Ndiyo "dada kumi". Kuna vitafunwa, mbegu za alizeti, na wimbo unazunguka mmoja baada ya mwingine. Kwa bwana harusi nako kuna "kaka kumi" usiku uleule. Mume wangu alinieleza walichofanya. Walikunywa.

Sasa sikiliza zile za kumtukana mshenga, maana hapo ndipo penye utamu. Mwari anamwita mbwa, kala kule sasa kaja kula huku. Anamwambia amedanganya wazazi wake, kasifia nyumba isiyo na kitu, kafanya maneno yake yote kwa tamaa ya nyama na pombe. Na mshenga yupo palepale! Anasikia, anamenya mbegu zake, hana ruhusa ya kukasirika. Mara ya kwanza niliona aibu kwa niaba yake, nikamwangalia mama mkwe nijue tunafanyaje, naye yuko hoi kwa kicheko. Baadaye nikaelewa: msichana yule maisha yake yote anaambiwa nyamaza, kesho anakwenda nyumba ya watu ambako ataambiwa nyamaza zaidi, usiku huu mmoja anasema lolote kwa yeyote ilimradi liwe na vina. Baba kampendelea kaka yake shamba, anasema. Wifi alimnyima hiki na kile, anasema. Asubuhi hakuna anayemdai neno.

Yangu mimi ilikuwa vituko. Sina nyumba ya wazazi kule, kwa hiyo shangazi wa mume, anayekaa kilima cha pili, akasema huyu mwari atatoka kwangu. Asubuhi ya mkesha akanikalisha akanitoa malaika ya usoni kwa uzi, kazi inayouma, sitaki kuisifu. Usiku dada kumi wakaimba, zamu ikafika kwangu, beti sina. Nikatoa wimbo wa somo yangu (kungwi) wa Tanga, ule wa kumuaga mwari, na mambo mengine ya ndani nikayaruka ingawa hakuna ambaye angeelewa. Bibi mmoja akanijibu kwa Kichina chao cha mlimani, ubeti mzima, bila kusita, kana kwamba tumepangana. (Kitujia chenyewe sehemu nyingi za Enshi kimeshapotea midomoni, kimebaki zaidi upande wa Hunan na vijiji vichache.) Nililia kweli, na shangazi akasema haya, huyu sasa anajua.

Mkesha huohuo, kabla ya hayo, watu wa bwana harusi wanaleta vitu: nguo, pombe, sukari, na paja la nguruwe ambalo ni la mama mzazi peke yake. Wanaliita nyama ya kumwacha mama. Mtu wa pwani huna haja ya kufafanuliwa, huo ni mkaja. Lakini hawaingii hivihivi. Mlango unazibwa kwa meza. Upande huu anasimama msemaji wa nyumba ya mwari, upande ule msemaji wa bwana harusi, wanashindana kwa maneno ya mashairi: mmekuja kufanya nini, mmepita njia gani, mlango huu mnaujua ni wa nani. Akikwama wa kwao anatoa bahasha, au anakunywa. Wazee wanaojua kazi hiyo wanatafutwa vijiji vitatu mbali. Mkae karibu na mlango, na rafiki yako akutafsirie hata nusu.

Kutoka ni alfajiri, wakati mwingine giza bado. Mwari haruhusiwi kukanyaga ardhi akitoka kwao, kaka yake anambeba mgongoni. Kwa maana nyingine rafiki yako ndiye atakayebeba, mwambie aanze mazoezi. Wengine wanamsimamisha kwanza juu ya pishi ya nafaka. Anarusha vijiti vya kulia chakula, kugawa riziki kati ya nyumba anayoiacha na anayokwenda, anafunikwa mwavuli mwekundu, fataki, zumari na ngoma, wameondoka. Zumari ile ukiisikia kwa mbali utadhani uko Tanga au Lamu kwenye harusi ya mtu fulani.

Ukipata nafasi ya kumsindikiza, nenda. Kule kwa mume kuna mtu anasoma maneno ya kurudisha mashetani ya njiani kabla bibi harusi hajaingia, halafu wanainamia mbingu na ardhi, wazazi, na wao kwa wao. Baada ya hapo wanakimbilia chumbani. Anayewahi kukalia sehemu kubwa ya kitanda ndiye atakayekuwa na sauti nyumbani. Sisemi nani alishinda kwetu, ila vyombo anaosha yeye. Na mfarishi uliotandikwa hapo utazame vizuri, kama ni wa kufumwa kwa mkono wenye maumbo ya rangi rangi. Ni xilankapu, kitambaa cha Kitujia ambacho zamani mwari alikifuma mwenyewe miaka kadhaa kabla ya kuolewa, na mwaka 2006 serikali ilikiingiza kwenye orodha ya urithi wa taifa. Siku hizi wengi wananunua.

Kuhusu bahasha, kwa mwanafunzi yuan 200 inatosha. Hesabu shufwa, usiweke 4 popote. Andika jina lako nyuma, kwa sababu pale mlangoni kuna mzee na daftari jekundu, anaandika kila mtu na alichotoa, na familia italitunza daftari hilo miaka na miaka ili ukiwa na shughuli yako warudishe. Usione vibaya. Enshi karamu zilizidi, mtu kajenga karamu, mtoto kafaulu karamu, nguruwe kachinjwa karamu, mpaka viongozi wa huko wakapiga vita karamu zisizo za harusi wala msiba. Harusi bado ni harusi.

Nitarudi kwa suala la chakula, mtoto ananiita.

---

Mzee_wa_Ilala:

Dada wa Lichuan, umeeleza vizuri. Lakini mimi nina swali la kizee. Kama mshenga anatukanwa hivyo, kwa nini wanamtumia? Na vijana wa huko zamani walikuwa wakionana wapi? Maana milima ile sijui hata mtu anaonana na nani.

Na huyo mwingine wa Guangzhou anieleze, si tunasikia Wachina siku hizi wanadai mahari mpaka vijana wanakimbia kuoa? Au hiyo ni ya mjini?

---

Mombasa_Guangzhou:

Mzee shikamoo. Mahari (wanaita caili) iko mijini na vijijini, na vijijini mara nyingi ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu wanaume wamezidi na wasichana wameondoka kwenda mijini. Kesi zikawa nyingi mno: harusi imevunjika, wanagombania hela. Mahakama Kuu ya Watu ikatoa mwongozo ulioanza tarehe 1 Februari 2024, kwamba kama watu wameishi pamoja muda mfupi na kiasi kilikuwa kikubwa, hakimu anaweza kuamuru sehemu irudishwe. Sheria yenyewe inakataza kudai mali kwa kisingizio cha ndoa. Lakini sheria na mama mkwe ni vitu viwili.

---

BintiTanga_Lichuan:

Shikamoo ya mwenzangu nimeiona hapo juu, na mimi shikamoo mzee wangu.

Swali lako ndilo hasa. Kule Enshi mpaka 1735 walitawaliwa na machifu wao wenyewe wa kurithi. Mwaka huo dola ya Qing, iliyotawala China wakati huo, ikamaliza kuwaondoa, ikaweka maofisa wake, na nyuma ya maofisa zikaja taratibu za Kihan (Wachina walio wengi), kwamba ndoa ni amri ya wazazi na neno la mshenga. Kabla ya hapo vijana wa Kitujia walitafutana kwa nyimbo, mmoja kilima hiki, mwingine kile. Watu wa huko wanasema kulia kulikolea baada ya mshenga kuingia, na ukisikiliza beti zenyewe huna sababu ya kubisha. Ndoa za kulazimishwa zilipigwa marufuku na sheria ya 1950, ila mshenga hakuondoka. Leo vijana wamekutana kwenye simu, wamependana, wameshajiandikisha na vile vitabu vyekundu vya cheti cha ndoa wanavyo, bado anatafutwa mtu wa kuitwa mshenga, apate wa kutukanwa.

Na walionana wapi? Kuna siku inaitwa Nü'er Hui, siku ya mabinti, tarehe 12 ya mwezi wa 7 wa kalenda yao. Ilianza sehemu mbili za nyanda za juu, Shihuiyao na Dashanding, ambako watu walikuja kuuza dawa za miti. Wasichana walibeba bidhaa kwenye vikapu vya mgongoni, wakavaa vizuri, wakakaa nyuma ya vikapu. Kijana anakuja anauliza bei. Msichana hamtaki, anataja bei ya kumfukuza. Anamtaka, anashusha, anashusha, mpaka kijana aelewe kwamba hapa si biashara ya mizizi tena. Wanaondoka kwenda kuimbiana porini. Haikuwa ya wasichana peke yao, inasemekana na walioolewa walikwenda kuonana na wale walioimba nao zamani, na waume zao siku hiyo waliangalia pembeni. Hilo nilimuuliza mama mkwe kwa ukweli wa ndani, akaniambia niende nikamenye viazi.

Sasa inafanyika mjini Enshi, jukwaa, taa, wageni kwa maelfu, na kuna mtaa mzima wa kitalii wenye jina hilohilo la mabinti. Watu wanakunywa pombe ya mahindi halafu wanavunja bakuli chini, rundo la vigae linafika kiunoni. Wageni wanapenda. Mimi hapana, lakini mume wangu akinisikia nasema hivyo ananuna.

---

Mpemba_Wuhan:

Dada nashukuru sana, nimesoma mara mbili. Bahasha nimeelewa, kanzu nimeikunja. Rafiki yangu nimemuuliza kama ndiye atakayebeba, kasema ndiyo, na dada yake ni mnene.

Bado chakula. Na kinywaji. Usinisahau.

---

BintiTanga_Lichuan:

Sijakusahau kaka, nilikuwa nalaza mtoto.

Nitakwambia wazi: ni nguruwe juu mpaka chini. Katikati ya nyumba za zamani kuna shimo la moto, juu yake nyama imening'inizwa inakauka kwa moshi tangu ilipochinjwa. Harusi ni mabakuli makubwa kumi, na hata yale usiyoyashuku, kabichi, maharage ya kusagwa, viazi vya kukaanga, yamepikwa kwa mafuta ya nguruwe. Kwa hiyo usisubiri mezani uanze kuchagua, hapo utawatia aibu wapishi. Mwambie rafiki yako leo, naye amwambie mama yake mapema kwamba mgeni anakula viazi vya kuchemsha, mahindi, mayai ya kuchemsha, chungwa, wali mweupe. Viazi vya Enshi ni vitamu sana, vidogo vya njano, hutalala njaa. Omba chombo na vijiti vipya na usione haya, mama wa huko akijua ni dini atakupikia kwa sufuria isiyoguswa, nimeona kwa macho yangu baba yangu alipokuja. Mjini Enshi, kabla hujapanda gari la kijijini, tafuta mgahawa wa tambi za Lanzhou, wenyewe mara nyingi ni Waislamu wa Kihui, kula ushibe pale.

Pombe ni rahisi kuliko unavyofikiri, mradi usikatae kikombe. Atakuja baba wa mwari, watakuja wajomba, kila mmoja na chupa. Wewe simama, shika kikombe cha chai kwa mikono miwili, ukiteremshe chini kidogo ya chake, sema unakunywa chai badala ya pombe. Ni jambo linalokubalika, hata wao wenye presha na wanaoendesha gari wanafanya. Kuna chai yao inaitwa Enshi Yulu, ya kijani, inapikwa kwa mvuke namna ambayo China nzima imebaki kidogo sana. Ukiisifia hiyo umemaliza kazi, watasahau chupa. Wakikuletea bakuli la kuvunja, weka maji, kunywa, vunja kwa nguvu.

Vaa nguo za baridi nzito, si kidogo, milimani kule wakati huo kuna barafu barabarani. Rangi yoyote yenye uhai, ila si nyekundu mwili mzima, hiyo ya bibi harusi. Kofia yako ya mkono vaa tu, wataipenda na watoto wataijaribu. Viatu vya tope. Chukua treni ya asubuhi kutoka Wuhan, reli ya kwenda huko ilifunguliwa 2010, karibu yote ni mahandaki na madaraja, kwa hiyo usipange kupiga picha dirishani. Kutoka stesheni mpaka kijijini uliza mapema nani anakupokea, usiku gari hazipatikani.

Na usirudi mara baada ya karamu. Siku ya tatu mwari anarudi kwao na mume kusalimia, hapo watu wametulia, hakuna zumari. Ukitaka kumuuliza mtu maana ya beti, muulize siku hiyo.

---

Mzee_wa_Ilala:

Mpemba, ukifika mrekodi huyo bibi anayemtukana mshenga, utuletee hapa. Omba ruhusa kwanza.

---

Mpemba_Wuhan:

Mzee nimeshaomba. Rafiki yangu kasema bibi yake amekubali, ila na mimi niandae ubeti, kwa sababu hairuhusiwi kusikiliza bure. Dada wa Lichuan, nicheki inbox, nahitaji vina.